Ubia Ukivunjika, Mali ni ya Nani?

Mazungumzo yetu ya leo yahusu biashara ya watu wawili au watatu walioshirikiana, na hasa siku ile ushirika wao unapokwisha. Siku ya kuanza ubia watu hucheka pamoja. Siku ya kuuvunja, mara nyingi hawatazamani usoni. Swali linalowagawanya ni moja tu: mali hii sasa ni ya nani?

Yeyote apitaye Dumila ajua ya kuwa hapo ni mahali pa biashara. Mji huo upo katika njia kuu itokayo Morogoro kwenda Dodoma, na hapo ndipo njia ya Rudewa, Kilosa na Mikumi inapoungana na njia hiyo kuu. Mpunga, mahindi, nyanya na vitunguu vya wakulima hupita hapo kwenda kuuzwa mbali. Lakini mashine ya kukoboa mpunga ni kitu cha fedha nyingi, na mtu mmoja peke yake huenda asiweze kuinunua. Wazee walisema, kidole kimoja hakivunji chawa. Basi watu hukusanya nguvu zao.

Na tuweke mfano. Watu watatu washirikiana kukoboa mpunga. Hatuwapi majina, maana ni mfano tu. Tutawaita kwa walivyoleta. Wa kwanza ni Mwenye Kiwanja, wa pili ni Mwenye Fedha, na wa tatu ni Fundi, ambaye hakuleta shilingi hata moja ila mikono yake na ujuzi wake. Wajenga banda, wanunua mashine, wapata wateja, na kila mwaka wagawana faida sawasawa. Baada ya miaka kadhaa Mwenye Fedha afariki dunia, naye aacha mke na watoto.

Hata matanga hayajaisha, maneno yaanza. Mwenye Kiwanja afunga mlango wa banda na kusema, "Kiwanja ni changu, na kilichosimama juu yake ni changu." Fundi ajibu, "Mashine hii nimeilea kwa mikono yangu. Pasipo mimi ni chuma tu." Ndugu za marehemu waja na lori, wasema, "Mashine ilinunuliwa kwa fedha ya ndugu yetu, nasi twaichukua." Na mjane aketi ndani na watoto wake, wala hapana amwulizaye neno.

Kila mmoja wa wasemaji hao ana sababu inayoonekana kuwa njema. Lakini sheria haimpi hata mmoja wao haki ya kufanya alivyosema. Tutaeleza kwa nini, hatua kwa hatua.

Kwanza tujue sheria hii ilikotoka. Mwaka 1872 Serikali iliyotawala Bara Hindi ilitunga Sheria ya Mikataba, na ndani yake mlikuwa na sura nzima juu ya ubia. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walipoanza kuitawala Tanganyika, waliamuru mwaka 1920 kwamba sheria kadhaa za Kihindi zitumike katika nchi hii, na Sheria ya Mikataba ilikuwa mojawapo. Wahindi wenyewe waliitoa ile sura ya ubia mwaka 1932, wakatunga mahali pake Sheria ya Ubia iliyo peke yake. Tanganyika iliendelea na ile ya 1872 mpaka ilipopata Sheria ya Mikataba yake yenyewe mwaka 1961. Sheria hiyo ya 1961 ndiyo inayotumika Tanzania Bara hata leo, na habari za ubia zimo ndani yake. Basi sheria ya Kihindi si habari ya mbali kwetu. Kwa muda wa miaka arobaini hivi ndiyo iliyohukumu ubia wa maduka na mashine za nchi hii, na mambo yake makubwa hayakupotea.

Sasa, ubia ni nini? Sheria ya 1872 ilisema kwamba ubia ni uhusiano wa watu waliopatana kuunganisha mali yao, au kazi yao, au ujuzi wao, katika biashara fulani, na kugawana faida yake. Angalieni maneno hayo: kazi na ujuzi vyahesabiwa pamoja na mali. Kwa hiyo Fundi wetu ni mbia kamili, ingawa hakuleta fedha.

Sheria hiyo ilitoa na mifano ili watu wapate kufahamu. Watu wawili wakinunua marobota 100 ya pamba ili wayauze kwa faida yao wote wawili, hao ni wabia. Lakini wakiyanunua ili wagawane marobota yenyewe, kila mtu achukue yake, hao si wabia. Tena, watu wawili kumiliki chombo kimoja cha baharini hakuwafanyi kuwa wabia. Maana yake ni hii: kumiliki kitu pamoja ni jambo moja, na kufanya biashara pamoja ni jambo jingine. Ndugu wawili waliorithi shamba moja si wabia kwa sababu hiyo tu.

Jambo la pili ni mali ya ubia. Mali hiyo ni ya namna mbili. Kuna mali iliyoletwa na wabia mwanzoni ikatiwa katika biashara, na kuna mali iliyonunuliwa baadaye kwa fedha ya biashara. Sheria ya Kihindi ya 1932 yataja pia sifa njema ya biashara, yaani lile jina zuri linalowafanya wateja warudi. Hilo nalo ni mali, nalo laweza kuuzwa.

Mali ikiisha kuingia katika ubia, haiwi tena ya yule aliyeileta peke yake. Hapo ndipo watu wengi wanapokosea. Hudhani kwamba ubia ukivunjika kila mtu hurudishiwa kitu chake kama vile watu waliokula pamoja wanavyochukua sahani zao. Sivyo. Mbia hana haki ya kushika mashine hii au mzani ule na kusema, "Hiki ndicho fungu langu." Haki yake ni kupata thamani ya fungu lake, baada ya kila kitu kuhesabiwa na madeni kulipwa.

Jambo hili liliamuliwa wazi na Mahakama Kuu Kabisa ya Bara Hindi mwaka 1966, katika shauri la Addanki Narayanappa na Bhaskara Krishnappa. Nalo lafanana sana na mfano wetu, kwa kuwa jamaa mbili zilishirikiana katika kazi ya kukoboa mpunga na kubangua karanga, na katika rasilmali yao mlikuwamo ardhi. Palikuwa na karatasi iliyoonyesha kwamba jamaa moja imekwisha kujitoa, lakini karatasi hiyo haikusajiliwa kama sheria itakavyo kwa mambo ya ardhi. Ikaulizwa, je, yafaa kuwa ushahidi? Mahakama ikajibu kwamba yafaa. Sababu yake ilikuwa hii: ijapokuwa ubia una ardhi, mbia hana kipande cha ardhi hiyo kilicho chake peke yake. Alicho nacho ni haki ya kupata fungu la faida ubia unapoendelea, na fungu la masalio ubia unapokwisha. Na haki ya namna hiyo yahesabiwa kuwa mali inayohamishika, si ardhi.

Mahakama za Tanzania hazifungwi na hukumu ya Bara Hindi, lakini hukumu hiyo yatusaidia kufahamu shina la jambo. Wala msidhani kwamba twasema karatasi yoyote yatosha kuhamisha kiwanja hapa kwetu. Ardhi ya Tanzania ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais, na mtu huwa na haki ya kuimiliki na kuitumia. Kuihamisha haki hiyo kuna taratibu zake katika Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote mbili za mwaka 1999.

Sasa turudi bandani. Je, kiwanja ni cha nani? Jibu latoka katika mapatano ya mwanzo. Ikiwa Mwenye Kiwanja aliutoa uwanja wake uwe rasilmali ya ubia, ukaandikwa kwa thamani yake katika daftari, basi ni mali ya ubia. Ikiwa aliwapangisha wenzake, au aliwaruhusu tu kuutumia, basi ulikuwa wake nao ni wake mpaka leo. Lakini banda na mashine, vilivyonunuliwa kwa fedha ya biashara, ni vya ubia hata kama vimesimama juu ya kiwanja chake. Na ndugu za marehemu je? Fedha ya ndugu yao ilikuwa yake kabla ya kuitia katika ubia. Alipoitia ikawa ya wabia wote, na mashine iliyonunuliwa kwayo ni ya wabia wote. Lori lao na lirudi tupu.

Jambo la tatu: je, ubia umekwisha? Naam. Kwa kawaida ya sheria, mbia mmoja akifa ubia huvunjika, isipokuwa wabia walipatana tangu mwanzo kwamba watakaobaki wataendelea. Lakini kuvunjika kwa ubia siyo ruhusa ya kunyang'anyana. Wabia waliobaki wana mamlaka ya kumaliza shughuli: kudai fedha walizokopesha, kulipa madeni, kutimiza kazi zilizoanzwa, na kuuza mali. Mamlaka hayo ni kwa faida ya wote, pamoja na nyumba ya marehemu. Kila mbia, na kila anayesimama mahali pa mbia aliyekufa, aweza kudai kwamba mali ya ubia itumiwe kwanza kulipa madeni ya ubia, na masalio yagawiwe kwa haki.

Sasa twafika penye hesabu, na twawaomba wanafunzi washike kalamu. Mali yote ikiisha kuuzwa, fedha hugawiwa kwa daraja nne. Daraja la kwanza ni kuwalipa wadai wa nje: mwenye duka la dizeli, mwenye vyuma vya mashine, na wengineo. La pili ni kumlipa mbia aliyeukopesha ubia fedha mbali na rasilmali yake. La tatu ni kurudisha rasilmali ya kila mbia. La nne ni kugawana masalio kama walivyokuwa wakigawana faida. Pasipo mapatano mengine, faida hugawiwa sawasawa, na hasara kadhalika.

Tuseme Mwenye Kiwanja alikitia kiwanja katika ubia kwa thamani ya Sh. 6,000,000. Mwenye Fedha alitoa Sh. 9,000,000. Fundi hakutoa kitu. Baadaye Mwenye Kiwanja aliukopesha ubia Sh. 2,000,000. Wadai wa nje wanadai Sh. 5,000,000. Mali yote yauzwa kwa Sh. 28,000,000.

Toeni Sh. 5,000,000 za wadai, zabaki 23,000,000. Toeni mkopo wa Sh. 2,000,000, zabaki 21,000,000. Toeni rasilmali, yaani 6,000,000 na 9,000,000, jumla 15,000,000, zabaki 6,000,000. Hizo wagawane sawasawa, kila mtu Sh. 2,000,000. Basi Mwenye Kiwanja apata mkopo wake, rasilmali yake na faida yake, jumla Sh. 10,000,000. Nyumba ya Mwenye Fedha yapata Sh. 11,000,000. Fundi apata Sh. 2,000,000. Jumlisheni pamoja na ya wadai, mtapata zile zile 28,000,000.

Lakini mambo yakiwa mabaya je? Tuseme mali yote imeuzwa kwa Sh. 16,000,000 tu. Wadai wachukua 5,000,000, mkopo 2,000,000, zabaki 9,000,000. Rasilmali ni 15,000,000. Basi zimepungua Sh. 6,000,000, na hiyo ndiyo hasara. Hasara hugawiwa kama faida: kila mmoja Sh. 2,000,000. Mwenye Kiwanja apokea 4,000,000 badala ya 6,000,000. Nyumba ya Mwenye Fedha yapokea 7,000,000 badala ya 9,000,000. Na Fundi, ambaye hakuweka kitu, hana kitu cha kupunguziwa. Hapana budi atoe Sh. 2,000,000 mfukoni mwake.

Mafundi mnaotusikiliza, jambo hili litieni moyoni. Wengi hudhani, "Mimi niliingia mikono mitupu, nitatoka mikono mitupu." Sheria haisemi hivyo. Ikiwa mwataka kushiriki faida bila kubeba hasara, hapana budi mpatane hivyo na wenzenu tangu mwanzo, na mapatano yaandikwe. Hata hivyo mapatano hayo yawafunga ninyi kwa ninyi tu. Mdai wa nje aweza kumdai mbia yeyote, hata kwa mali yake ya nyumbani, mali ya ubia isipotosha.

Na huyu aliyefunga mlango wa banda akaendelea kukoboa mpunga peke yake je? Sheria haimwachi. Sheria ya Kihindi ya 1932, katika fungu la 37, yasema kwamba mbia akifa au akitoka, na waliobaki wakaendelea kufanya kazi kwa mali ya ubia bila kumaliza hesabu, yule aliyetoka au nyumba ya aliyekufa yaweza kuchagua moja ya mambo mawili: ama kupata sehemu ya faida iliyotokana na matumizi ya fungu lake, ama kupata riba ya 6 kwa 100 kila mwaka juu ya thamani ya fungu hilo. Hayo ni pasipo mapatano mengine. Tena mbia aweza kumwomba hakimu amzuie mwenzake asitumie jina la biashara wala mali yake kwa faida yake mwenyewe mpaka shughuli zitakapokwisha.

Sasa yule mjane. Yeye hakuwa mbia, wala hawi mbia kwa kufiwa na mume. Lakini haki ya marehemu haikuzikwa pamoja naye. Imegeuka kuwa deni, nalo laingia katika mirathi yake. Mwenye kulidai ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, awe ni mjane mwenyewe au mtu mwingine. Msimamizi ana haki ya kuyaona madaftari, kuuliza mali iliuzwa kwa kiasi gani, na kudai hesabu yote. Ndugu wa lori hawana mamlaka hayo kwa kuwa ndugu tu, wala wakipewa fedha mkononi deni haliishi. Mbia alipaye na amlipe msimamizi, na apewe hati ya kupokea.

Wala msimamizi asikawie. Kwa sheria ya Kihindi, shauri la kudai hesabu na fungu la faida ya ubia uliovunjika lafaa kuletwa kabla ya miaka 3 kupita tangu kuvunjika. Sheria ya Tanzania nayo ina mipaka yake ya muda, na mahakama humwambia aliyechelewa kwamba mlango umefungwa, hata kama haki yake ilikuwa wazi kama mchana.

Wasikilizaji wetu, yafaa tumalize kwa mambo machache ya kutenda.

Kwanza, andikeni mapatano kabla ya kununua hata msumari. Mwandike kila mtu ameleta nini, kwa thamani gani, na kama amekitoa kiwe cha ubia au amekiazima tu. Mwandike faida na hasara zitagawiwaje, na mbia mmoja akifa itakuwaje. Si dalili ya kutoaminiana. Rafiki wa kweli hukubali kuandikiana, maana hajui kama kesho atajibiwa na rafiki yake au na warithi wa rafiki yake.

Pili, wekeni daftari. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Katika mfano wetu neno moja katika daftari, "ametoa" au "ameazima", ndilo linaloamua kiwanja ni cha nani.

Tatu, siku ubia unapovunjika, tangazeni. Waambieni wenye maduka mnaokopa kwao, na mpelekeeni habari msajili wa majina ya biashara ikiwa jina lenu limesajiliwa. Msipotangaza, mwenzenu aweza kukopa kwa jina la zamani, na mdai asiyejua habari aweza kuwafuata ninyi.

Nne, hesabuni mali mbele ya mashahidi kabla ya mtu kuhamisha kitu. Mkiweza kukubaliana thamani, mmoja anunue mafungu ya wenzake na mashine iendelee kuzunguka. Mkishindwa, uzeni. Mkishindwa na hilo, mahakama yaweza kuimaliza shughuli kwa niaba yenu, lakini gharama zake zitatoka katika mali ile ile mnayoigombea. Vita vya panzi ni furaha ya kunguru.

Mkulima wa Magole au Rudewa aletaye gunia la mpunga hajali mashine ni ya nani. Ataka tu ikoboe. Banda likifungwa kwa ugomvi, yeye hupakia gunia lake kwenda mahali pengine, na thamani ya biashara yapungua kila siku ambayo wabia wanagombana. Kwa hiyo hesabu ya haki yamfaa kila mtu: mjane apate chake, Fundi apate chake, Mwenye Kiwanja apate chake, na mashine isishike kutu mlango ukiwa umefungwa.

Kwaherini.